Matanga ya Mtoni

Somo wangu hakuwahi kusafiri kwa raha. Ukimsikiliza mwenyewe, kila alipotoka kisiwani alikuwa akienda kutoa pole. Leo kuna mfiwa Malindi, mwezi ujao kuna mfiwa Kakoneni, halafu kuna jamaa wa mbali wa marehemu mumewe amefariki huko juu kando ya Sabaki, jamaa ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiwa hai. Majirani wa mtaa wetu wa Kibokoni, Mombasa, waliitikia, "Mungu awape subira," wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi nilikuwa chini mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, nikijua vizuri kwamba hakuna aliyekufa na kwamba tunakwenda kutazama mto.

Somo, kwa wasiokulia kwetu, ni yule mwanamke mtu mzima anayekaa na bi harusi kabla ya ndoa na kumfundisha mambo ya mume na nyumba. Anayefundishwa huitwa mwari. Uhusiano huo hauishi harusi ikiisha. Yeye alibaki kuwa Somo wangu na mimi nikabaki mwari wake, hata baada ya ndoa aliyonifundishia kuvunjika na vipande vyake kuzagaa mtaani kila mtu akaviona. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mombasa watu wakishajua ukoo wako huona wamekwisha kukujua, nami sitaki ajulikane kwa njia hiyo.

Gari lilikuwa la mwanawe. Ni gari refu jeupe, ambalo yeye na mafundi wake walilitoa viti vya nyuma wakaweka kitanda, jiko dogo la gesi, karai la kuoshea vyombo na makabati yanayofungwa kwa komeo ili sahani zisiruke. Aliwakodishia watalii waliotaka kujiendesha na kulala popote. Watalii wakiwa wachache gari lililala uani Mbaraki, likishika vumbi la saruji kutoka gatini. Mama mtu alikwenda siku moja kulitazama, akapanda, akaketi kitandani, akafungua kabati na kulifunga, akafungua tena. Kisha akauliza, "Na hili laweza kufika wapi?"

Mwanawe akacheka. "Popote, mama."

"Popote ni wapi? Sema jina."

Akamtajia magenge ya mto Galana, ule ule ambao huko chini huitwa Sabaki, kule ndani ya mbuga, mahali mto mpana unapobanwa na mawe hadi ukawa mwembamba. Wiki ile ile Somo akaja kwangu, maana mimi kazi yangu ni kufundisha watu gari, akaniuliza kama ninao muda wa kumpeleka matangani.

Alikuwa ametoka eda si zamani. Jambo hilo lazima nilieleze, la sivyo mtu atadhani alikuwa mwongo wa kuzaliwa. Mwanamke wa umri wake, mjane, katika vichochoro vyetu, ana sababu za kutoka mjini zinazojulikana: harusi, mazishi, mgonjwa, ziara ya kaburi la mcha Mungu. Ukisema unakwenda Malindi kumtazama mgonjwa, utapewa na vitumbua vya kumpelekea. Ukisema unakwenda kutazama maji yakipita kwenye mawe, watu watatazamana. Mtu ana bahari mlangoni, anakwenda kutafuta maji ya matope? Na mumewe juzi tu kaingia kaburini? Yeye mwenyewe angelikuwa wa kwanza kumsema mwanamke wa namna hiyo. Ndiyo maana alipoanza kuwa mwanamke wa namna hiyo alishtuka kuliko sisi sote.

Mumewe alikuwa mtu mwema. Alimchotea maji, aliosha vyombo mchana kweupe mlango ukiwa wazi, na sikupata kumsikia akipandisha sauti. Kilichokuwa ni kwamba hakupenda kutoka. Akivuka daraja la Nyali alianza kuumwa kichwa. Basi Somo alikaa naye kisiwani miaka yote ya ndoa, na alipokufa alimlilia kwa haki. Lakini kulikuwa na siku, katikati ya safari, gari likishuka kuelekea Kilifi na mashamba ya mkonge yamenyooka pande zote mbili, nilimsikia huko nyuma akivuta pumzi ndefu ya mtu aliyevua kiatu kinachobana, na mara baada yake nikamsikia akinong'ona, "Astaghfirullahi." Akishafurahi aliomba msamaha. Ndivyo alivyokuwa safari nzima, akifurahi na kutubu, akifurahi na kutubu, hadi mimi mwenyewe nikachoka kwa niaba yake.

Alikaa nyuma. Nilimwambia kiti cha mbele kina kioo kikubwa na mtu huona kila kitu, akasema kiti cha mbele ni cha mwanamume au cha mtu asiye na haya. Alikaa kitandani, miguu ameikunja, buibui limemzunguka, pazia limefungwa, na akaacha upenyo wa vidole viwili. Nusu ya pwani na kipande kizuri cha bara alikitazama kupitia upenyo huo. Siku tulipopishana na ndovu mwekundu wa vumbi, nikasimamisha gari na kumwambia kwa sauti ya chini, "Somo, tazama kulia, dume kubwa." Aliposikia ni dume akavuta pazia.

Viatu vilivuliwa mlangoni, maana gari lile kwake lilikuwa nyumba. Alifukiza udi kabla hatujavuka daraja, kwa hiyo lori za Nairobi zilipotupita dereva aligeuza shingo kutafuta harusi iko wapi. Na kila nilipoegesha pa kulala alitaka gari lielekee kibla, ili asali ndani bila kugonga kabati kwa kichwa. Hapo ndipo ualimu wangu wote ulipojaribiwa. Ninawafundisha watu kurudi nyuma kwenye uchochoro wa Mji wa Kale ambamo mkokoteni na mbuzi havipishani, lakini sijapata mtihani kama kulipindua gari refu kati ya miti ya mikoma, kando ya mto, jua likizama, mtu wa nyuma akisema, "Kidogo kushoto. Umepitiliza. Rudi, mwari wangu, hapo wanielekeza Lamu."

Simu aliipenda. Alituma ujumbe wa sauti kwa bintiye kila tulipofika, ili roho za wanawe zitulie. Safari ya kwanza tuliyofika kwenye maporomoko, alisimama karibu kabisa na maji, akaishika simu mdomoni na kusema kwa huzuni, "Tumefika salama. Tuko matangani." Bintiye akajibu upesi, "Mama, hiyo kelele ni ya nini?" Somo alitazama mto ulivyokuwa ukinguruma kwenye mawe, akafikiri. "Watu wanalia," akasema. "Marehemu alipendwa sana."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Naye alicheka, kisha akafunika mdomo kwa upindo wa buibui, na uso ukambadilika. Alinifanya niape sitampiga picha akicheka. Alisema mtu akiiona picha ile atamuuliza mumewe kaburini mkewe anacheka nini, na mumewe hana la kujibu. Picha zote nilizonazo za safari zile amenuna kama aliyekwenda kutolewa jino, na nyuma yake kuna mandhari ambayo watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kuyaona.

Uongo ulimsumbua. Akajaribu kuusahihisha kwa njia ambayo sijui mtu mwingine angeliwaza. Akaamua kwamba kwa kuwa amesema anakwenda matangani, basi ni lazima aende matangani. Kuanzia safari ya pili, tukishaiacha lami ya Malindi na kuchukua njia ya ndani inayofuata mto, Jilore, Kakoneni na kuendelea, aliniamuru niende polepole. Alitafuta kwa upenyo wake hema na viti vya plastiki. Tukipata penye msiba, tuliteremka. Alichukua kilo za sukari na majani ya chai alizokuja nazo makusudi, akaingia, akawashika mikono wanawake asiowajua, akaketi mkekani pamoja nao. Wengine hawakuwa Waislamu na haikumzuia. Hakuigiza. Akishauliza marehemu alikuwa nani, na akaambiwa mtoto, au mama wa watoto wadogo, machozi yalimtoka kwelikweli, na wafiwa wakaanza kumtuliza yeye. Tukirudi garini alikuwa mwepesi. "Sasa twaweza kutazama mto," alisema.

Na tukirudi mjini aliamka alfajiri akakanda unga, akakaanga mahamri karai baada ya karai, akawagawia wanafunzi wa chuo cha Kurani, sadaka ya kufuta raha aliyoiona. Baada ya muda mtaa ulijua. Mahamri yakipita watoto waliulizana Somo katoka wapi safari hii.

Nimeandika haya yote ya kuchekesha kwanza kwa kuwa ni ya kweli, na kwa kuwa ninaona vigumu kuandika mengine.

Kazi yake ilikuwa kufundisha wanawake kuvumilia. Alifundisha na mengine: manukato, mapishi, namna ya kujifunga na namna ya kujifungua, na katika hayo alikuwa na ulimi uliotufanya waari wake tufiche nyuso kwenye mito ya kulalia. Lakini msumari aliougongelea kila siku ulikuwa mmoja. Nyumba ni ya mwanamke. Ikianguka, ameiangusha yeye. Mume akikosa, nyamaza. Akirudia, nyamaza na upike anachokipenda. Usitoe siri ya chumbani, usirudi kwenu na begi. Aliyafundisha haya mwanamke ambaye mumewe alimwoshea vyombo. Uvumilivu kwake ulikuwa kama nchi ya watu aliyosimuliwa, akawa anatuonyesha njia ya kwendea.

Mimi nilirudi na begi. Mamangu alikuwa amekwisha kufa, kwetu ni kwa Somo. Alinikaribisha, akanipa chai, akalitazama shavu langu, na baada ya sala ya adhuhuri akanishika mkono akanirudisha, sinia ya halua kichwani mwa msichana wa kazi, tukiwa watu wa suluhu. Nilirudi tena mwaka uliofuata, na safari hiyo nilikuwa na mimba. Akanishika mkono tena. Mimba ile haikukaa. Mara ya tatu sikupitia kwake. Nilikwenda kwa kadhi mwenyewe, nikajifunza gari, nikapata kazi, na sikuolewa tena.

Hatukulizungumza. Miaka yote ile tulikula pamoja Ramadhani, nilimpeleka hospitali, nilimwendesha kutoka Mbaraki hadi kwenye mawe ya Galana, na jambo lile lilikaa kati yetu bila kuguswa. Kabla ya kila safari alitaka radhi, kama desturi ilivyo, kwamba njia ina mambo na huenda tusirudi. "Mwari wangu, nipa radhi." "Nimekupa, Somo, nami nipe." "Nimekupa." Kisha tunavuka daraja. Maneno hayo huyatamka mtu bila kuyaangalia, kama anavyosema hodi.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kiangazi. Tulikuwa tumekwisha kuipita Kakoneni pale Somo alipogonga ubao wa nyuma. "Simama. Pale pana msiba."

Kweli palikuwa na turubai chini ya mkwaju, viti vya plastiki, wanaume upande mmoja kimya, wanawake upande wa pili, na moshi wa masufuria. Alivaa uso wake wa taazia, akachukua sukari yake, akaenda moja kwa moja kwa mzee aliyekaa katikati. Akainama. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana, baba. Tumesikitika mno. Mungu awape moyo wa kustahimili."

Wanaume wakatazamana. Mzee akamtazama, akanitazama na mimi, akalitazama gari jeupe linalonukia udi.

"Mama," akasema taratibu, "hapa hakuna aliyekufa. Hapa mtoto wangu anaolewa."

Walikuwa wakweze wamekuja kwa mazungumzo ya mahari, na mazungumzo yalikuwa yamefika pagumu, ndiyo kimya kile. Kwa muda niliona jinsi mambo yatakavyotuharibikia. Kisha mwanamke mmoja kule nyuma akapasuka kicheko, wa pili akamfuata, na wanaume nao wakashindwa kujizuia. Mshenga wa upande wa bwana harusi akajifuta macho akasema, "Naam, jamani, kwa mahari mliyoitaja, huyu mama hakukosea sana." Mazungumzo yakalainika palepale. Tulikalishwa, tukaletewa kuku na sima, na Somo akala ameinamisha kichwa, amejaa aibu hadi masikioni.

Shangazi wa msichana ndiye aliyemuuliza kazi yake. Somo akamwambia. Yule mama akapiga makofi mawili. "Basi Mungu ndiye aliyekuleta! Njoo umpe mtoto neno. Sisi tumekwisha kumpa ya kwetu, mpe na ya Mombasa."

Akanivuta na mimi twende. Msichana alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, mrembo, amejaa hofu. Shangazi na wanawake wengine wakasimama mlangoni kusikiliza. Somo akaketi, akaushika mkono wa msichana, akakohoa kidogo kama alivyokohoa siku alipoanza na mimi. Nilijua kila neno linalokuja. Ningeliweza kumwanzia.

Hakuanza. Alikaa ameushika mkono ule, kisha akainua macho akanitazama mimi, muda mrefu, hadi wanawake wa mlangoni wakajisogeza.

"Mwanangu," akamwambia, "kwenu ni hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Huko uendako ukipigwa, rudi. Usingoje mara ya pili. Usimuulize mtu kama ni sawa kurudi. Watasema. Waache waseme."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Shangazi akasubiri yaliyobaki. "Na jengine?" akauliza.

"Hakuna jengine," Somo akasema. "Mengine mwenyewe atayajua."

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Mtu mzima amebadilika, mtoto wa watu ameponywa, ni jambo la kushukuru. Mimi nilitoka mle ndani nimejaa hasira. Msichana aliyemjua kwa muda wa sahani ya sima alipewa bure neno ambalo mimi, mwari wake, mwanawe wa kulea, nililihitaji nikiwa na damu mdomoni na nikanyimwa. Basi alikuwa nalo! Nililiendesha gari lile kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Makomeo ya makabati yalifunguka, sahani zikaruka, naye huko nyuma hakusema hata "polepole".

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye magenge. Maji yalikuwa madogo na mto wote, ule mpana unaouona kutoka mbali umelala kwenye mchanga, ulikuwa umeingizwa kwenye ufa wa mawe ambao kijana mwenye wazimu angeweza kuuruka. Mawe yenyewe yana mistari ya kijivu na ya waridi, yamelainishwa na kuchimbwa mashimo mashimo, na chini maji ya rangi ya chai ya maziwa yanazunguka na kugonga na kutoka. Somo alishuka peku, maana viatu vilikuwa mlangoni mwa gari kama kawaida, na mawe yalikuwa yameanza kushika moto. Nikamletea ndara zake. Nilipoinama kumvalisha akaniwekea mkono kichwani.

"Mwari wangu," akasema. "Lile la jana..."

"Tazama maji, Somo," nikamwambia.

"Nataka kukwambia—"

"Tumekuja kutazama maji. Yatazame."

Akayatazama. Alisimama pale kwa utii, buibui likipepea, akitazama mto kama alivyoamrishwa. Safari hiyo sikumsikia akivuta pumzi yake ndefu, wala hakuomba msamaha kwa Mungu, maana hakuona raha yoyote ya kuombea msamaha. Niliyeiondoa ni mimi, na nilijua, na niliona ni sawa tu. Wakati wa kurudi alipanda mbele bila kuambiwa. Mtu wa kiti cha mbele na dereva wake walikuja hadi Mombasa wakizungumza habari za mashimo ya barabara.

Hatukwenda tena. Figo zilianza kumsumbua, akawa mtu wa kliniki, na gari likarudi kwa watalii. Jioni nyingine nilimchukua kwa gari la shule ya udereva hadi ufukweni Mama Ngina, tukala mihogo ya kuchoma ndani ya gari, na yeye akatazama meli zikiingia bandarini. Sababu aliyowapa majirani ni kwamba daktari ameamuru upepo.

Ilipofika hali ya kulala tu, wanawake walianza kuja kumpa radhi. Nilikuwapo alasiri moja chumba kimejaa. Mmoja alimsamehe sahani aliyomvunjia, mwingine maneno yaliyosemwa kwenye ngoma ya harusi, wote wakisema, "Tumekusamehe dunia na akhera, nawe utusamehe." Walipoondoka alinishika nguo.

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Wote wamenipa. Wewe hukusema kitu."

"Nimesema, Somo. Kila safari nasema."

"Hiyo ni ya safari. Mimi nataka ya begi."

Nikakaa. Alikuwa amekonda hata pete zimehamishiwa kwenye uzi shingoni, lakini sauti ilikuwa yake.

"Ulikuja una mimba, nami nalijua hilo. Nikakurudisha. Najiambia nalikuwa nakufunza. Uongo. Naliona haya. Waari wangu wote walikuwa wakaa majumbani mwao, nikaogopa watu waseme mmoja wao amenishinda. Kwa hilo tu. Nipa radhi kwa hilo, mwanangu. Mengine nisamehe ukitaka."

Ingelikuwa rahisi. Neno moja, ambalo wanawake wote wale walilitamka kwa pumzi moja wakitafuta ndara zao mlangoni. Nilifungua kinywa nikahisi kwamba nikilisema litakuwa la uongo, na kwamba nimemwendesha mwanamke huyu kwenye matanga ya uongo vya kutosha.

"Siwezi, Somo," nikasema. "Labda nitaweza. Leo siwezi."

Alifumba macho. Nilidhani nimemuua. Kisha akanipapasa mkono, mara nyingi, kama anayembembeleza mtoto mgonjwa.

"Basi," akasema. "Usiache kuja, lakini."

Sikuacha. Nilikwenda kila siku baada ya kazi, nikamkanda miguu, nikamsomea ujumbe wa simu. Hakuniuliza tena. Alinitazama tu nilipoingia, na nilipoaga alinitazama, na nilijua anachokitafuta usoni kwangu. Siku zingine nilitoka nikiwa karibu kabisa kukipata. Nilijiambia kesho. Alifariki asubuhi moja mimi nikiwa Mbaraki, nikimfundisha karani wa bandari kurudi nyuma kati ya mapipa mawili.

Tulimwosha wanawake. Kabla wanaume hawajaingia kumchukua, bintiye alisimama kando ya jeneza, akasema kama isemwavyo, kwamba aliyekosewa na mama yao kwa neno au kwa tendo, wao watoto wanamwombea radhi. Chumba kizima kikaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Lilikuwa itikio kubwa, na ndani yake mtu mmoja akinyamaza hajulikani. Nilinyamaza. Sauti zikafa, bintiye akageuka kwenda kuwafungulia wanaume mlango, na hapo ndipo neno langu lilipotoka, peke yake, katikati ya kimya, "Nimemsamehe." Watu wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimelisema kwa sauti kubwa mno, kwa kuwa mwenyewe hakuwa akisikia tena.